Rauta Ndani ya Kabati

"Sogea mlangoni," Mama Brigita alisema. "Si jana ulisema mlangoni kuna vistari viwili?"

Skolastika akasogea mlangoni, simu kaiinua juu kwa mkono wa kulia kama mtu anayemulika panya darini. Vistari vya waifai vilikuwa viwili kweli. Kikabaki kimoja, vikarudi viwili.

"Usipumue," mama mkwe wake akamwambia. Naye bila kufikiri akaacha kupumua.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Nangara, Babati. Mama Brigita alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kushoto umenyooka ndani ya hogo jeupe la plasta kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Kwenye kioo cha simu mumewe, Mzee Anselimu, alikuwa anakuja na kupotea. Mara jicho, mara shuka la hospitali, mara kidole cha Leonard, mtoto wao na mume wa Skolastika, aliyeshika simu ya upande wa pili huko Arusha.

Mzee Anselimu hasikii tangu ana miaka sita. Homa ilimchukua masikio, na shule ya watu wa namna yake haikuwepo karibu, kwa hiyo alikua na mikono tu. Alipomuoa Brigita walitengeneza lugha yao wenyewe, shambani, kwenye mafiga, kanisani padri akiwa anahubiri. Miaka arobaini. Leonard alijua maneno ya kuendea kazini: chakula, pesa, twende, mvua hiyo. Lugha yenyewe, yenye maudhi na mizaha na habari za watu, alikuwa nayo mama yake peke yake, na mama yake ndiye huyo aliyeteleza kisimani na kufungwa mguu wiki sita.

Sasa ngiri ya mzee ilikuwa imejifunga. Daktari alitaka kumpasua Alhamisi. Orodha ya watu wa Alhamisi ilikuwa inafungwa Jumatano jioni, na mzee hakutaka kuweka dole kwenye karatasi asiyoelewa inasema nini. Daktari alikuwa amemwambia Leonard bila kuzunguka: utumbo ukibanwa zaidi, hapatakuwa na Alhamisi nyingine.

"Anakuona sasa, Mama. Sema," Skolastika akanong'ona.

Mama Brigita akainua mikono. Akagusa tumbo. Akanyoosha kiganja kikawa kisu, akakipitisha tumboni kuanzia kulia kwenda kushoto. Halafu akaweka viganja viwili shavuni, kulala. Akashona hewani kwa sindano ndogo. Akafungua mikono yote miwili kama anampokea mtu mlangoni: urudi nyumbani.

Skolastika alikuwa anaangalia kioo. Kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka katikati.

"Mama. Imeganda."

"Imegandia wapi?"

Hakutaka kusema. "Kwenye kisu."

Hazikupita dakika tano simu ikaita, ile ya sauti tu, maana sauti ilikuwa inapita hata pale picha inapokataa. Leonard alikuwa anahema.

"Skola, Mama amemwambia nini Baba? Amechomoa dripu! Kila nikimgusa ananionyesha tumbo, anafanya mkono hivi, kama ule uliobaki kwenye picha. Mnanichinja, ndivyo anavyosema. Anatafuta viatu."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama Brigita aliyasikia yote. Akakiangalia kiganja chake, kile kile cha kulia, akakiweka polepole chini ya paja, akakikalia.

Ilipofika saa kumi Mama Edda wa jirani alikuja na uji kwenye chupa ya chai, na ushauri.

"Mama Leonard, pole. Mimi nawaambia kila siku, chukueni sufuria. Ile ya bati jepesi. Ukiiweka simu ndani yake, mtandao unakusanyika."

"Unakusanyika kama maji?" Mama Brigita aliuliza.

"Kama maji. Mdogo wangu kule Dareda anafanya hivyo."

Walijaribu, maana mtu akiwa na shida hana kiburi. Sufuria ya ugali ikawekwa ubavu juu ya kiti, simu imesimama ndani. Mama Brigita akaiongelesha sufuria kwa mikono yake yote miwili. Kistari kimoja nacho kikaondoka. Skolastika aliuma midomo asicheke, akamtazama mama mkwe wake kwa jicho la pembeni, akaona naye ameuma ya kwake.

Bando la simu nalo pale nyumbani halikuwa na uwezo wa kuvuta picha. Kumpakia mama kwenye bajaji mpaka mjini kutafuta mtandao haikuwezekana. Mguu ule uliambiwa usitikiswe. Basi Skolastika akamrekodi video, anaongea kwa mikono mwanzo mpaka mwisho, akaituma. Ilianza kwenda saa kumi na moja. Asubuhi ndipo Leonard alipojibu.

"Imefika. Nimemwonyesha. Amemuuliza Mama swali, akangoja. Akarudia swali lile lile. Mama kwenye simu anaendelea tu na mambo yake. Baba ameisukuma simu, amegeukia ukutani."

"Swali gani?"

"Skola, ningejua si ningeshalijibu?" Akapenga kamasi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili, dereva wa bajaji asiyekosa la kusema. "Nesi kaniuliza, wewe ni mtoto wake wa kumzaa? Nikasema ndiyo. Akaniangalia tu."

Duka la Sabaha liko mjini, upande wa pili wa sokoni. Anauza simu, chaja, kava, na anatengeneza zilizodondoka majini. Skolastika alifika saa tatu asubuhi na viatu vyenye vumbi. Ndani kulikuwa na mwanamume mwenye mkoba wa ofisini anayebadilishiwa kioo, na mwenzake aliyemsindikiza.

"Shikamoo," akawaambia wale wanaume. Wakaitika. Kwa Sabaha, ambaye walikuwa rika moja, akasema, "Habari za kazi, dada. Nina shida ya waifai. Nyumbani ipo lakini haina nguvu."

"Karibu. Mnatumia rauta ya laini?"

"Ile ya kuweka laini, ndiyo. Mume wangu aliinunua mwaka jana."

"Kuna kifaa cha kuongeza nguvu, unachomeka chumba cha pili. Elfu sitini na tano."

Skolastika alikuwa na elfu saba, na nusu yake ilikuwa ya sukari na sabuni. Aliitazama meza. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Niambie kwanza, rauta yenyewe mmeiweka wapi?"

"Sebuleni."

"Sebuleni sehemu gani?"

Hapo akahisi kuna kitu, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Kabatini."

"Juu ya kabati?"

"Ndani. Kabati la vyombo la mama. Nyuma ya sinia." Na kwa kuwa alikuwa mkweli akamalizia yote. "Ina kitambaa chake."

Mwenye mkoba alicheka mpaka akashika kaunta. "Kitambaa! Dada, mngeivalisha na sweta kabisa, Babati kuna baridi!"

"Na ufunguo je?" mwenzake akadakia. "Kabati lina ufunguo?"

"Lina," Skolastika alisema.

Wakacheka upya. Aliusikia uso wake unapata moto. Alimaliza darasa la saba na hapo shule ikaishia, na watu wa namna hii huwa wanakijua kitu hicho kabla hujafungua mdomo, au yeye ndivyo alivyoona.

Sabaha hakucheka. Alikuwa ameinamia kioo cha yule bwana na bisibisi ndogo. "Kwetu hata redio ya marehemu babu ina kitambaa," alisema bila kuinua macho. "Kaka, usicheke sana, mkono wangu ukitikisika kioo chako cha laki kinapasuka."

Bwana akaiachia kaunta.

"Sikiliza, dada. Kabati lina kioo nyuma?"

"Kioo cha kujitazamia. Kikubwa."

"Sinia za bati, kioo nyuma, milango. Rauta inapokea kutoka mnarani, halafu inawapa nyie. Hapo haipokei wala haitoi. Itoe. Iweke dirishani, upande unaotazama mnara, juu kidogo, isizungukwe na vyuma. Ina taa. Ikiwa nyekundu haijapata vya kutosha. Ikiwa kijani imepata. Zunguka nayo madirisha yote uone. Halafu mwenye simu akae chumba hicho hicho, ukuta usiwe katikati. Na mtu akae mwanga umpige usoni. Nani mwingine anatumia waifai yenu?"

Skolastika alifikiri. Namba ya siri ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa sebule, chini ya picha ya Bikira Maria. "Majirani kidogo."

"Waombe wazime wakati mnapoongea." Sabaha akavuta droo, akatoa waya mrefu wa ekstensheni. "Chukua huu, wa rauta hautafika dirishani. Utanirudishia Jumamosi." Ndipo alipomtazama. "Mnaongea na nani kwani?"

"Na baba mkwe. Yuko hospitali. Anaongea kwa mikono."

Sabaha akaziba mdomo kwa kiganja. Yule bwana wa mkoba alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na hakukipata mpaka Skolastika akaondoka.

Maneno aliyopewa yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia Mama Brigita.

Kabati lile lilitoka kwenye maharage ya mwaka mmoja mzuri, kabla Leonard hajaanza shule. Ndani yake mlikuwa na glasi za maua ambazo hazijawahi kunywewa, sinia sita za harusi, vyeti vya ubatizo, na saa iliyosimama. Kitu cha maana kikiingia nyumba ile, kinaingia kabatini. Leonard alipoleta rauta, mama yake alikaa jioni mbili anaifumia kitambaa cheupe chenye pindo la bluu. Mzee Anselimu akatoboa tundu nyuma la kupitishia waya, akalisugua na msasa pande zote ili lisikwaruze. Ufunguo ulikaa kwenye fundo la kitenge cha Mama Brigita. Skolastika, miaka mitatu ndani ya nyumba ile, alilifuta kabati kwa nje kila siku. Ndani hakuwahi kuingiza mkono.

"Mama," alisema, amesimama mlangoni mwa chumba. "Nimerudi."

"Amesema nini?"

"Amesema rauta itoke kabatini."

Mama Brigita akalishika fundo la kitenge. "Kabati langu limemkosea nini?"

"Sinia, Mama. Zinazuia. Na kile kioo."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa siyo sana. Ila inapata joto."

"Nilikifuma mwenyewe."

"Najua, Mama. Nilikuwepo."

"Uiweke wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani! Kila apitaye aione? Waseme nyumba ya Anselimu vitu vinatupwa dirishani? Iibiwe?"

"Dirisha lina nondo."

"Na jua?"

Skolastika alikuwa anaangalia ule mkono wa kulia. Tangu jana Mama Brigita alikuwa anafanya kila kitu kwa kushoto, hata kunywa chai.

"Saa tisa daktari anapita," alisema taratibu. "Nataka Baba auone mkono wako mpaka mwisho. Usiishie kwenye kisu."

Mama Brigita aliugeuza uso. Alipourudisha alikuwa ameshavuta pindo la kitenge na anahangaika na fundo. "Miaka mitatu unafagia sebule ile," alisema. "Hujawahi kuniomba ufunguo."

"Hukunipa, Mama."

"Hukuomba."

Fundo lilikuwa limekazwa na maji ya kufua. Vidole vya yule mama vilishindwa. Skolastika akapiga magoti, akaliuma kwa meno, akalivuta, wote wawili vichwa vimegusana, mpaka likaachia.

Kabati lilitoa harufu ya sabuni ya mche na dawa ya mende. Alizitoa sinia moja moja, akiziweka juu ya kochi kama anayelaza watoto, zisilie. Nyuma ya sinia ya sita ndipo rauta ilipokuwa, imekaa kwenye kitambaa, imefunikwa na kitambaa, kijitaa chake chekundu kinapumua peke yake gizani. Mwaka mzima.

Aliutoa waya kwenye tundu la mzee polepole asilikwaruze. Dirisha linalotazama mlimani: nyekundu. La jikoni: nyekundu. La sebuleni upande wa barabara, kunakoelekea mjini: nyekundu, nyekundu, ikazima kabisa. Halafu kijani.

"Mama! Kijani!"

"Nini kijani?"

"Taa!"

"Basi usiiguse! Usiiguse kabisa!"

Akaenda uani, akamwita jirani kupitia ua wa michongoma. "Mama Edda, shikamoo. Naomba saa tisa mtuzimie ile waifai kwenye simu zenu. Mama anaongea na Baba."

"Marahaba. Hata hivyo sisi hatutumii sana, mwanangu. Simu zenyewe ni nne tu."

"Nne?"

"Tano, na ya shemeji." Mama Edda akasimama, ungo mkononi, na jambo likamwingia. "Kumbe ni sisi tunaomkata yule mzee mikono! Mungu wangu. Edda! Edda, leta simu zote hapa!"

Saa nane na nusu alikuja mwenyewe, amebeba ungo. Ndani yake simu tano, zote zimezimwa, zimepangwa kama mandazi. "Nimezileta muone kwa macho," alisema. "Msije mkasema Mama Edda amedanganya." Akakaa nazo kizingitini kama mlinzi.

Zikabaki hatua kumi na mbili, kutoka chumba cha nyuma mpaka sebuleni.

"Nitakubeba," Skolastika alisema.

"Unibebe mimi?"

"Mgongoni."

"Na hili zege?"

"Na hilo zege."

"Haya, na mbeleko kabisa," Mama Brigita alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mzaha. Alikuwa mama wa watu, mweka hazina wa jumuiya, na Mama Edda yuko kizingitini anaona. Akafunga macho, akamkumbatia mkwewe shingoni. Skolastika akainuka naye. Walikwenda polepole, mguu mweupe umetangulia mbele kama mti wa kusukumia mlango. Karibu na kabati Mama Brigita alisema sikioni mwake, "Una mgongo wenye nguvu."

Skolastika akapiga hatua nyingine. Miaka mitatu mgongo ule haukubeba mtu, na mtaani walikuwa bado wanamwita mke wa Leonard, maana hapakuwa na mtoto wa kumwitia. Wote wawili walilijua hilo. Alimshusha kwenye kochi kando ya dirisha, akamwekea mto chini ya kisigino.

Saa tisa na dakika nne picha ilikuja.

Ilikuja yote. Kitanda, shuka lenye mhuri, tone la dripu likidondoka, likadondoka tena. Mzee Anselimu alikuwa ameelekea ukutani. Leonard akamgusa bega, akakataa. Akamgusa tena, akageuka kwa hasira, na akamwona mkewe, mzima, mikono yake imelala mapajani kwenye mwanga wa dirisha.

Mama Brigita aliutoa mkono wa kulia. Kabla ya yote akaupiga kofi kwa mkono wa kushoto, kama anayemwadhibu mtoto. Mzee akakunja uso. Ndipo alipoanza, safari hii kwa mpangilio mwingine. Kulala kwanza. Kulala sana. Halafu ndipo tumbo, kisu kidogo, kidogo kama ukucha. Kushona. Mlango, mikono wazi. Kiduara hakikuzunguka. Skolastika aliishika simu kwa mikono miwili akamwona mzee anafuata kila kitu, macho yanakwenda na kurudi.

Kisha mzee akaleta swali lake.

Alifanya haraka, na Mama Brigita akakunja macho, maana miwani yake ilibaki kisimani siku alipoanguka. "Nimeona kulala. Nimeona sikio. Hapo mwisho kafanya nini? Skola, kafanya nini?"

"Kasema atalala," Skolastika alisema. "Watamwita. Hatasikia." Akaisogelea simu. "Kafunga mikono kifuani, kaachia kichwa nyuma. Watadhani amekufa, Mama. Anauliza watajuaje kwamba yuko hai, wasije wakamfunika."

Mama Brigita alimgeukia. "Nani amekufundisha?"

"Naangalia tu. Nikileta chakula."

Mama Brigita akafuta pua kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kufika Arusha bila simu, "Leonard! Mwite nesi!"

Nesi akaja, kofia imeinamia pembeni, kalamu mkononi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize vizuri. Mume wangu haamki kwa kuitwa. Wala usimtikise bega, atakupiga ngumi halafu atajuta. Nenda miguuni. Shika kidole gumba cha mguu wa kulia, kibane mara mbili. Siyo moja. Moja anadhani ni panya. Mara mbili, anajua ni mimi."

Nesi alicheka, kisha akaona uso wa yule mama, akaacha kucheka. "Miaka mingapi mmeamshana hivyo?"

"Arobaini."

"Naandika kwenye faili. Nitawaambia na wa chumba cha upasuaji." Akaandika kweli, akisoma kwa sauti anavyoandika. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akaenda mwisho wa kitanda, akafunua shuka, akambana mzee kidole gumba cha mguu. Mara mbili.

Mzee Anselimu alishtuka, akatazama miguu yake, akamtazama nesi, akamtazama mkewe kwenye simu. Akacheka kile kicheko chake kisichojisikia, kikubwa na cha kukwaruza, hata wagonjwa wa kitanda cha pili wakageuka. Alipomaliza akafuta macho, akanyoosha mkono kwa Leonard, kidole gumba kimesimama mbele, tayari kwa wino.

Alhamisi, kabla Leonard hajapiga, Mama Brigita alikuwa ameshalala na kuamka mara tatu kwenye kochi ambalo alikataa kuondolewa. Rauta ilikuwa dirishani inawaka kijani, na kila mtu aliyepita barabarani aliiona, na hapakuwa na aliyesema neno isipokuwa mwuza ndizi, aliyeuliza kama inauzwa.

"Skola," Mama Brigita alisema, "kile kitambaa kiko wapi?"

"Nimekifua, kiko kwenye kamba."

"Kilete. Siyo cha kufunika. Weka chini yake. Angalau ikalie kitu."

Alikuwa ananyoosha pindo la bluu chini ya rauta simu ilipoita. Saa kumi na robo. Leonard hakuweza kuongea, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alimudu kusema, "Mara ya pili tu, Mama. Ya kwanza hakujigusa. Ya pili akafumbua," halafu akaigeuza simu kwa baba yake.

Mzee alikuwa amelegea, midomo mikavu, kichwa kimezama kwenye mto. Mama Brigita alimwambia mambo mawili matatu kwa vidole tu, karibu na kifua, kwa unyenyekevu ambao Skolastika hakuwahi kuuona, na akageuza macho yake pembeni, maana aliona siyo ya kwake kusoma.

Mzee akainua mkono mmoja, ule usio na dripu. Ulipanda kwa shida. Akauweka juu ya kichwa chake, kiganja wazi, akausogeza kushoto, akausogeza kulia, akaurudisha kushoto. Kwa vidole viwili vya mkono wa chini akatembea juu ya shuka. Halafu akanyoosha kidole kwenye simu, siyo kwa mkewe, kando yake.

Mama Brigita alipiga kofi goti lake zima, akacheka mpaka hogo likagonga kochi.

"Anatafuta nini?" Skolastika aliuliza. "Hiyo siijui. Sijawahi kuiona."

"Huwezi kuijua, ameitengeneza sasa hivi. Ile Jumanne simu yake ilikuwa inamletea vipande vipande: mara dari, mara mlango, mara wewe na mkono juu unazunguka nyumba nzima kutafuta mtandao." Akafuta machozi kwa pindo la kitenge, lile lililokuwa na fundo na sasa halina. "Ndiyo wewe huyo. Mimi nina langu, Leonard ana lake, hata Mama Edda ana lake, ila lile lake tusiliseme. Wewe ulikuwa huna. Amekupa jina."

Kwenye kioo mzee alikuwa anangoja. Mkono wake ulikuwa unaanza kuchoka, lakini hakuushusha.

Skolastika akaiegemeza simu kwenye nondo ya dirisha, kando ya rauta. Akarudi nyuma hatua mbili ili aonekane mzima. Akainua mkono juu ya kichwa, kiganja wazi, hakina kitu, akaukaza hapo hapo, mpaka mzee akaitikia kwa kichwa kwamba amemwona.